Kula kwa kalenda ya mvua: kuendesha nyumba, bustani na hela Mbeya

Nyumbani kwetu Uyole hela ya mboga ilikuwa inaachwa kabatini, chini ya kikombe, kila asubuhi baba watoto anapotoka kwenda saiti. Elfu tano. Siku za neema elfu saba, na mvua ikigoma kukatika, unanyanyua kikombe hukuti kitu. Yeye ni fundi ujenzi, mimi ni fundi cherehani, watoto wanne, hakuna mwenye mshahara. Kwa miaka mingi niliamini shida yetu ni kipato kidogo. Kidogo ni kidogo kweli, sibishi. Ila nilipokaa na daftari niliona na jambo la pili: hela yetu ilikuwa inaingia kwa wingi miezi ambayo chakula ni cha bei chee, tunaimaliza, halafu inakauka miezi ambayo debe la mahindi halishikiki.

Juni hadi Oktoba watu wana hela za mavuno. Wanajenga, wanaoa, wanashona sare za harusi. Januari hadi Machi saiti zimelowa, na wateja wangu ni wazazi wa sare za shule wanaolipa kidogo kidogo. Ile bajeti ya mwezi kwa mwezi inamfaa mwenye mshahara. Sisi tunaoishi kwa kazi za mikono huku nyanda za juu tunahitaji bajeti ya mwaka, na bustani ya kuziba matundu yake. Hivi ndivyo tunavyofanya, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Daftari la siku 30

Nunua daftari la shule la bei ndogo, litundike jikoni kwenye msumari, na penseli uifunge kwa uzi kwenye msumari huohuo. Usipoifunga, watoto wataipeleka shule. Kila anayetoa hela anaandika: tarehe, kitu, kiasi. Hata jero ya pipi. Mwezi huu wa kwanza usibane chochote, andika tu, maana ukianza kubana na kuandika kwa pamoja utaandika uongo.

Mwisho wa mwezi jumlisha kwa mafungu. Kwetu mchele na nyama, tulivyokuwa tukivilaumu, havikuwa ndio wabaya. Mboga mafungu mawili ya 500 na nyanya za 500 ni 1,500 kwa siku, 45,000 kwa mwezi, 547,500 kwa mwaka. Baba watoto alichukua simu akarudia hesabu mara mbili, akidhani nimekosea koma. Mkaa wa kopo la 1,000 kila siku ni 30,000 kwa mwezi. Bando sitaji hapa, kila mtu na aibu yake.

Tahadhari moja: daftari lisigeuke kesi. Siku ya kwanza nilipouliza, "Na hii elfu mbili ya kijiweni?" penseli ililala wiki nzima. Kila mtu mzima apewe kiasi chake kidogo cha kila wiki ambacho haandiki wala haulizwi.

Hatua ya 2: Chora mwaka

Chukua kalenda ya mwaka uliopita, andika nyuma yake miezi 12, kila mmoja mstari wake. Upande wa kushoto andika hela inavyoingia: nyingi, wastani, haba. Upande wa kulia andika mzigo wa mwezi huo. Wa kwetu unasomeka hivi:

Mei hadi Agosti: mavuno ya mahindi, maharage na mpunga. Baridi kali Juni na Julai. Bei za nafaka ziko chini, kazi zimeanza.
Septemba na Oktoba: ukavu, vumbi, upepo. Mboga zinapanda bei kwa sababu maji ni shida. Mkaa ni mkavu.
Novemba na Desemba: mvua imeanza. Mbegu, mbolea, sikukuu, nauli ya kwenda kusalimia wazee.
Januari hadi Machi: shule, mvua nzito, kazi haba, mahindi ghali. Mboga zimejaa hadi zinaoza.
Aprili: mahindi mabichi na maboga. Watu wanaanza kupumua.

Mtu wa Tukuyu atabadilisha, kwao mvua ina miezi zaidi. Wa Iringa mjini au Ubaruku ataongeza ukavu. La msingi ni uione ile miezi miwili au mitatu inayokuvunja mgongo, uizungushie duara. Kwetu duara liko Januari na Februari. Hatua zote zinazofuata ni maandalizi ya duara hilo.

Kama unalima shamba hata la eka moja, andika na tarehe za kuhuisha usajili wa mbolea ya ruzuku kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Mpango huo ulianza msimu wa 2022/23, na asiyekuwa kwenye daftari la wakulima hununua mfuko kwa bei kamili.

Hatua ya 3: Nunua ugali wa mwaka kati ya Juni na Agosti

Hapa ndipo hela kubwa inapookolewa. Mwaka mmoja nilinunua debe Julai kwa 9,000. Februari, debe kama hilo pale sokoni Mwanjelwa, nikaambiwa 16,000. Bei hubadilika kila mwaka, lakini mwelekeo ni uleule.

Pima kwanza mnakula kiasi gani. Sisi sita tunatumia kilo moja na nusu ya dona kwa siku, ambayo kwa mwaka ni kama kilo 548. Toa siku za viazi, ndizi na wali, zinabaki kama kilo 400, yaani magunia manne ya kilo 100. Ukipenda sembe ongeza, maana kukoboa kunatoa pumba, na pumba hizo umezilipia. Huna hela ya magunia manne kwa mkupuo? Hata sisi hatuna. Tunanunua moja kila mwezi kuanzia Juni mpaka Septemba. Asiyeweza gunia achukue madebe mawili kila hela inapoingia.

Nunua kwa mizani. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake, linapendeza machoni, lakini hujui umelipia nini. Kisha kagua ukavu. Ng'ata punje: iliyokauka inapasuka kwa mlio, mbichi inabonyea. Njia ya uhakika zaidi ni ya chumvi. Tafuta chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Weka mahindi robo chupa, vijiko vitatu vinne vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Rudisha turubaini juani. Ikidondoka yote chini, yanaweza kuhifadhiwa.

Mimi sikujua hilo nilipoanza. Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, nilikimbilia mahindi ya mapema kwa kuwa yalikuwa rahisi, nikayafunga yakiwa na unyevunyevu. Septemba nilipofungua, harufu ilinipiga kabla macho hayajaona: katikati ya gunia kulikuwa na ukungu wa kijani na kijivu. Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kusaga. Usiwape kuku, wala usichanganye na mazuri ili yasionekane. Nililia, nikachimba shimo, nikafukia.

Kwa wadudu, hasa dumuzi anayeyageuza mahindi unga ndani ya miezi michache, natumia mifuko isiyopitisha hewa, ile maarufu ya PICS. Ina nailoni mbili ndani na kiroba nje. Bei yake ni kubwa kuliko kiroba cha kawaida, lakini ukiitunza inatumika msimu zaidi ya mmoja, na humwagi dawa kwenye chakula. Inavyofungwa ndiyo siri:

Jaza mahindi makavu kwenye nailoni ya ndani, ukishindilia kidogo kidogo bila kuitoboa. Acha shingo ndefu kama kiganja kimoja na nusu. Kamua hewa yote kwa mikono ukianzia chini, sokota shingo mpaka iwe ngumu kama kamba, ikunje mara mbili, funga kwa mpira au kamba imara. Fanya vivyo hivyo na nailoni ya pili, kisha funga kiroba. Wadudu waliomo wanakosa hewa na kufa. Usifungue kabla ya mwezi na nusu au miwili, na ukifungua, hamishia mahindi ya mwezi mzima kwenye ndoo kisha ufunge tena mara moja. Mwanya mmoja wa panya unaharibu kazi yote, kwa hiyo weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na tafuta paka.

Maharage vivyo hivyo, maana wadudu wake huja nayo kutoka shambani. Nunua Juni, aina inayoiva haraka. Muulize mwenye mzigo swali hilohilo, "Yanaiva kwa muda gani?", naye atakwambia ukweli ukiwa mteja wa kurudi. Mchele wa Kyela au wa Mbarali nao unashuka baada ya mavuno, ila sisi tunanunua wa sikukuu na wageni tu. Viazi ni hadithi nyingine. Nunua gunia mgawane na jirani, weka gizani penye hewa, mle ndani ya wiki chache. Vikiota kijani tupa, vina sumu.

Hatua ya 4: Bustani ya matuta matatu

Watu wengi wanaanza bustani kwa hamasa, wanalima kiwanja kizima Novemba, wanavuna mchicha wa kugawa mtaa mzima Januari, na Septemba wanarudi gengeni. Bustani ya kuokoa hela inapimwa Septemba, siku mboga ni ghali. Kwa hiyo anza kidogo, na anza karibu na jiko, mahali ambapo maji ya kuoshea mchele yanafika bila kubebwa.

Matuta matatu yanatosha: kila tuta upana wa mita moja, urefu mita nne, njia ya nusu mita katikati. Usikanyage tuta, ndiyo maana upana ni mita moja, mkono unafika katikati kutoka pande zote. Chagua sehemu inayopata jua la asubuhi. Mwezi wa Juni, mgomba wa jirani wenye kivuli unaweza kuufanya mche ukae wiki tatu bila kuongeza jani.

Udongo wa upande wetu umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, unalimika, lakini unakunywa maji kama mgonjwa wa homa. Dawa yake ni samadi. Weka ndoo ya lita 20 kwa kila mita ya tuta, ndoo nne kwa tuta moja, changanya na udongo wa juu. Iwe imeoza. Ukiingiza mkono katikati ya lundo ukakuta joto, au ukisikia harufu kali ya zizi, bado, itaunguza miche. Wafuga ng'ombe pembezoni mwa mji mara nyingi huiuza rahisi sana, gharama ni toroli. Asiye na samadi alundike maganda, majani na majivu kidogo shimoni, ageuze kila wiki mbili. Kwa baridi yetu mpe miezi mitatu.

Tuta la kwanza: sukuma wiki. Mistari miwili, sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche, inaingia kama miche 18. Hamisha miche jioni ikiwa na majani manne au matano, mwagilia shimo kabla na baada. Vuna majani ya chini, mawili matatu kwa kila mche kwa wiki, acha matano au sita ya juu. Ukiheshimu hayo, mche unakulisha miezi mingi. Ukimtuma mtoto bila kumfundisha atakata kichwa, na mche utakaa ukikutazama.

Tuta la pili: mboga za haraka kwa awamu. Ligawe vipande vinne. Wiki hii sia Chinese (kabichi ya Kichina) kwenye kipande cha kwanza, baada ya wiki mbili figili au mchicha kwenye cha pili, na kuendelea. Unapomaliza cha nne, cha kwanza kimeshavunwa. Kosa langu la zamani lilikuwa kumwaga pakiti nzima siku moja. Mchicha hauipendi baridi, Juni na Julai unadumaa. Miezi hiyo tumia Chinese, figili na spinachi. Mnafu acha ujiotee pembeni, hauhitaji kubembelezwa.

Tuta la tatu: karoti, vitunguu vya majani, na kabichi chache. Karoti usihamishe, zinapinda. Ukingoni mwa uzio, mvua zikianza, chomeka mbegu za maboga mawili matatu upate msusa, yaani majani yake ya mboga. Kama nyumba ni yako, panda na parachichi moja la kubebesha. Likitunzwa linaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne.

Nyanya nimeacha, naomba nieleweke vizuri. Mvua ikinyesha wiki nzima na ukungu wa asubuhi ukitanda, majani yanababuka meusi ndani ya siku chache, na ili upate nyanya inabidi upige dawa kila mara. Hesabu yangu haikulipa hata msimu mmoja. Sasa tunanunua ndoo nzima majirani watatu, siku ya shehena, na kugawana. Wewe ukiweza, heri yako.

Wasumbufu wawili nawajua kwa sura. Sota, kiwavi wa udongoni, anakata mche usiku kama kwa wembe; asubuhi fukua udongo kuzunguka mche uliolala, utamkuta amejikunja, mnene, wa kijivu. Kata chupa ya plastiki pande zote mbili upate pete, izungushie mche mchanga, izamishe kidogo ardhini. Vidukari wanajazana chini ya jani la sukuma; waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, kisha suuza jani kabla ya kupika. Majani yaliyozidiwa chuma, wape kuku.

Baridi ya Juni nilifundishwa na bibi mmoja jirani, mwenyeji wa Rungwe. Alinikuta nanyunyiza saa kumi na mbili jioni.

"Mwanangu, hiyo ni barafu unawapa."

"Si ndio watu wanavyomwagilia jioni, bibi?"

"Hao ni wa Kyela. Hapa mwezi huu mwagilia jua likishatoka."

Bondeni, na huko juu Uporoto, Makete hadi Njombe, usiku wa Julai kunaganda kweli. Kitalu kiwekee fito na nyasi kavu juu, uzitoe asubuhi.

Maji ndiyo yanayoua bustani nyingi Septemba. Tandaza nyasi kavu unene wa vidole vitatu kati ya miche, utamwagilia mara mbili tatu kwa wiki badala ya kila siku. Maji ya kuoshea mboga na mchele yaende bustanini. Na kinga maji ya bati. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 8 likinyeshewa milimita 20 linaleta lita 960, karibu simtanki ya lita 1,000, kwa mvua moja. Acha mvua ya kwanza ya msimu ioshe vumbi kwanza. Tanki ni gharama, najua. Sisi tulianza na mapipa mawili, yakatufikisha Juni tu, lakini Juni hiyo hatukununua Chinese.

Mpangaji mwenye ua wa kutandaza nguo tu atumie gunia. Chukua kopo la kilo mbili, toa kitako, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto. Zunguka na udongo uliochanganywa na samadi mpaka usawa wa kopo, livute juu, lijaze tena, hivyo hivyo hadi juu. Kokoto zinabaki kama nguzo katikati. Maji unamwagia humo, yanafika chini. Toboa matundu ubavuni kwa kisu, umbali wa kiganja, chomeka miche ya sukuma au spinachi. Ukihama unahama nalo, ukiwa na vijana wawili wa kulibeba.

Bustani yetu haitupi mboga siku saba. Inatupa tano. Siku tano kwa 1,000 ni 260,000 kwa mwaka, kabla ya kutoa mbegu na toroli za samadi. Hiyo ndiyo inayonunua magunia.

Hatua ya 5: Moto

Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 94 badala ya 100. Ndiyo sababu maharage ya huku yanakula mkaa mwingi kuliko ya shangazi yako Dar es Salaam, hata yakiwa ya gunia moja. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji. Chemsha kwa nguvu dakika 20, funika, kisha chukua sufuria likiwa bado linatokota, lizamishe kwenye kikapu kikubwa kilichotandikwa blanketi kuukuu na nyasi kavu pande zote, funika na mto juu. Yaache saa tatu nne yajiivishe yenyewe, ukishona, ukifua. Ukirudi, yatokose tena ndipo uyaunge. Usiruke ule mchemko wa kwanza, maharage yaliyopashwa tu bila kuchemka yanaumiza tumbo vibaya.

Mkaa nunua kwa gunia Septemba au Oktoba ukiwa mkavu, utunze penye bati. Mkaa wa Februari umelowa, unalipia na maji. Mtungi mdogo wa gesi tunautumia kwa chai ya asubuhi na uji tu.

Jambo moja halina mjadala. Juni ikifika, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Jiko libaki nje, hata kama ni makaa ya mwisho. Nunua blanketi la mtumba.

Hatua ya 6: Hela iingiapo, na mikopo

Tuna vibubu vitatu: chakula cha mwaka, shule, dharura. Juni hadi Oktoba, kila 10,000 inayoingia, 3,000 inatoka kabla haijafika jikoni: 2,000 ya chakula, 500 ya shule, 500 ya dharura. Novemba na Desemba tunaweka 1,000. Januari hadi Machi hatuweki kitu, tunatoa, na hatujilaumu. Kibubu cha mbao nakiamini mpaka kifikie kama elfu hamsini. Zaidi ya hapo nyundo inaanza kuniita, kwa hiyo napeleka kwenye kikundi. Kwenye simu toa mara moja kiasi cha wiki, makato ya kutoa kidogo kidogo yanatafuna.

Ukiwa kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, pigania tarehe ya mgao. Kikundi chetu kilikuwa kinagawana Agosti, hela zikaishia kwenye vitenge. Tulihamishia wiki ya mwisho ya Desemba, na sasa zinakutana na sare na madaftari. Elimu haina ada tangu 2016 shule za msingi hadi kidato cha nne, lakini viatu havijui hilo. Hakikisha kikundi kimesajiliwa halmashauri kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka, na sanduku liwe na funguo tatu kwa watu watatu wasio ndugu.

Mikopo ya kausha damu nimeipitia. Laki moja, unarudisha laki na thelathini ndani ya mwezi. Inasikika kama elfu thelathini tu. Ukiizungusha mwaka ni riba ya asilimia 360. Mimi niliizungusha miezi minne, nikalipa 120,000 ya riba na ile laki ikawa bado inanidai. Cherehani ndiyo ilikuwa dhamana. Kabla ya kusaini popote, uliza leseni ya Benki Kuu na uandikiwe jumla utakayorudisha. Programu za simu pia: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Mwenye kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu aulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne, nne na mbili. Hauna riba. Karatasi zake ni nyingi na subira yake ni ndefu, omba ukiwa huna shida ya haraka.

Uanzie wapi

Usingoje Januari. Ukisoma haya Juni au Julai, ruka daftari kwa sasa, nunua debe la kwanza na chupa ya chumvi. Septemba au Oktoba: mkaa, samadi, na mapipa chini ya bati kabla ya mvua. Novemba: chora matuta, na usimwage pakiti nzima. Ukisoma Januari au Februari, wakati kibubu kinatoa sauti ya utupu, tundika daftari na kusanya mbegu za mnafu na mchicha za bure, maana zimejaa kila uzio. Zikaushe kivulini, zifunge kwenye karatasi, andika mwezi. Aprili zitie kitaluni, zitangulie baridi.